Zamu ni Ahadi: Kuhusu Hila Zinazokera katika Michezo ya Mikakati

Miongoni mwa vijana wa vyuo vikuu hakuna ugomvi unaodumu kama ule uletwao na michezo ya tarakilishi, na miongoni mwa michezo hiyo hakuna inayozaa kinyongo kikubwa kama ile ya mikakati ichezwayo kwa zamu. Jambo hili huwashangaza wasioicheza. Wao hudhani kwamba hasira ni zao la kasi: magari yanayoshindana, bunduki, kandanda ya kwenye skrini. Michezo ya zamu ni ya kitako. Mchezaji huwaza, huyaamuru majeshi yake, kisha humwachia mwenzake naye awaze. Kwa nini basi watu wazima, wenye shahada na wanaozitafuta, wanuniane wiki nzima kwa sababu ya mji wa kubuni uliotwaliwa na jeshi la kubuni?

Sababu i wazi kwa yeyote aliyewahi kushindwa. Katika michezo ya kasi pigo huja ghafla na kupita ghafla. Hata ukitaka kulalamika, mchezo mwingine umekwisha kuanza. Katika michezo ya zamu mchezaji huketi mikono kifuani akitazama anavyonyongwa. Anaona jeshi likisogea mraba kwa mraba. Anajua fika litakalotokea. Na hana ruhusa ya kugusa chochote mpaka mwenzake amalize. Ukali wa hasira yake unatokana na utulivu uo huo unaosifiwa.

Makala haya hayanuii kuwatetea wote waliokereka, maana wengi wao wamekereka tu kwa kuwa wameshindwa. Ninalodai ni kwamba tumezoea kuzitia hila zote katika kapu moja na kuzibandika jina la mchezo mchafu, na kwa kufanya hivyo tumepoteza uwezo wa kuhukumu. Kuna hila inayomshambulia mpinzani uwanjani, na kuna hila inayoishambulia zamu yenyewe. Ya kwanza, hata iudhi namna gani, ni sehemu ya mchezo. Ya pili inauvunja mchezo ingawa hakuna kanuni iliyoandikwa iliyovunjwa. Aidha, nadai kwamba Kiswahili kina msamiati wa kuzitenganisha hila hizi, nasi wanafunzi wa lugha hii ndio tunaostahili kuulizwa ni kwa nini hautumiki.

Utetezi wa kwanza wa mwenye hila huwa ni ule ule: "Kanuni haikukataza." Utetezi huu ni mkongwe kuliko tarakilishi. Ruy López, kasisi wa Kihispania aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka wa 1561, aliwashauri wachezaji waliweke bao mahali ambapo jua litampiga mpinzani machoni. Wakati huo hakuna kanuni iliyokataza jua. Hali kadhalika, kwa muda mrefu hakuna kanuni iliyomkataza mchezaji wa sataranji kufikiri kwa saa nzima, au zaidi, juu ya hatua moja. Wapo waliolitumia pengo hilo kwa makusudi, wakangoja mpinzani achoke, asinzie au aondoke. Ndipo katika mashindano ya London ya mwaka wa 1883 zikaanza kutumiwa saa pacha, ambazo ya mmoja husimama ya mwingine inapotembea. Hivi leo sheria za FIDE, shirika la sataranji duniani, zinasema waziwazi kwamba ni marufuku kumsumbua au kumuudhi mpinzani kwa namna yoyote ile. Ni dhahiri, kwa hivyo, kwamba kanuni hufuata nyuma ya ujanja. Anayesema kwamba kanuni haikukataza anatueleza tu kwamba amefika kabla ya kanuni.

Lakini tusikimbilie kulaani. Nitatoa mfano wa hila inayochukiwa mno, ambayo mimi ninaitetea.

Katika Heroes of Might and Magic III, mchezo uliotolewa mwaka wa 1999 na ambao bado unachezwa kwa bidii kubwa, kila mchezaji huwatuma majemadari wenye majeshi na uchawi. Jemadari akizidiwa vitani anaweza kukimbia. Akikimbia anapoteza askari wake wote, ila anabaki na hirizi na silaha zake, na bwana wake anaweza kumkodi tena kilabuni kwa vipande 2,500 vya dhahabu. Hapo ndipo hila huzaliwa. Jemadari mwenye uchawi mkali hupewa askari wachache, ikiwezekana wa aina yenye kasi kuliko wote uwanjani ili upande wake utangulie. Hulivamia jeshi kuu la adui, hulipiga kwa uchawi mara moja, kisha hutimka kabla hajaguswa. Kesho amekodiwa tena. Kesho kutwa anapiga tena. Mwenye jeshi kuu, aliyetumia majuma matatu ya mchezo kukusanya askari, anaona jeshi likimomonyoka kama ukuta wa udongo wakati wa masika, na hana wa kumpiga.

Hii hapa naiita piga-utimke. Nimewasikia wengi wakidai ipigwe marufuku, na wapo wachezaji ambao huafikiana mapema kwamba haitatumika. Wana haki ya kuafikiana. Mapatano ya wachezaji ni sheria kwao. Hata hivyo sioni kosa lake. Kwanza, ina gharama: dhahabu inayomkodi jemadari ni dhahabu isiyojenga ngome. Pili, ina dawa. Anayeviziwa anaweza kuharakisha vita, au kutafuta askari wenye kasi zaidi ili yeye ndiye atangulie, au kutegemea majoka meusi ambayo uchawi hauyadhuru. Waliouunda mchezo wenyewe waliiona hila hii, wakaweka katika nchi yao ya kubuni pingu ziitwazo Shackles of War. Jemadari akiwa nazo, hakuna anayeweza kukimbia wala kusalimu amri katika pigano lake. Vilevile jemadari aliyezingirwa ndani ya mji hawezi kutoroka, isipokuwa katika mji wa aina moja ambao waundaji waliujalia njia ya chini kwa chini. Jambo ambalo mchezo umeliwekea gharama na dawa limo ndani ya mchezo. Anayelichukia na alichukie, ila asiliite ulaghai. Neno lake ni ujanja, na mjanja hujibiwa kwa ujanja.

Sasa tuitazame hila ya namna nyingine kabisa. Michezo ya Civilization, iliyoanzishwa na Sid Meier mwaka wa 1991 na ambayo toleo lake la saba lilitoka mwaka wa 2025, ndiyo maarufu zaidi katika jamii hii. Wachezaji wanapokuwa wengi, kupokezana zamu mmoja mmoja huchosha. Watu sita wakipewa dakika mbili mbili, kila mmoja atangoja dakika kumi ili aamuru askari wawili. Kwa sababu hiyo waundaji walileta zamu za pamoja: wote wanaamuru kwa wakati mmoja, saa inatembea, ikiisha zamu mpya inaanza. Ni suluhisho jema, nami singependa liondolewe. Ila lilifungua mlango ambao haukuwapo.

Chukua mfano wa saa ya sekunde sitini. Mpinzani wako ameamuru yote aliyotaka na kutulia. Wewe huamuru chochote. Unangoja. Zinapobaki sekunde mbili unawasogeza askari wako mpaka chini ya kuta za mji wake. Zamu inakwisha. Zamu mpya inapoanza, kidole chako kimekwisha kutua; unashambulia kabla skrini ya mwenzako haijatulia. Kwa hesabu ya mchezo umetembea mara moja katika kila zamu, wala hukuvunja lolote. Kwa hakika umetembea mara mbili mfululizo, na mwenzako hakupata hata pumzi moja ya kujibu. Kwa hila hii napendekeza jina la kuunga zamu, kwa kuwa ndivyo ifanywavyo: zamu mbili zinashonwa zikawa moja, na ya mwenzako iliyopaswa kukaa katikati inafutika.

Tofauti yake na piga-utimke ni bayana. Gharama ya piga-utimke ni dhahabu. Kuunga zamu hakugharimu chochote ila wepesi wa kidole. Piga-utimke ina dawa uwanjani. Dawa ya kuunga zamu ni wewe nawe ungoje sekunde ya mwisho, naye ajue hivyo, naye angoje zaidi, mpaka watu wawili wenye akili timamu wawe wanakodolea saa badala ya kuwaza. Fauka ya hayo, anayefaidika ni yule mwenye tarakilishi mpya na mtandao wa kasi. Mkakati umekwisha hapo. Tumebaki na mbio za vifaa, na atakayeshinda ni mtoto wa mwenye nacho. Waliokuwa wakicheza Civilization IV, toleo la mwaka wa 2005, katika michezo ile ya kudumu majuma na miezi, waliligundua tatizo hili mapema na wakalitafutia mwafaka wao wenyewe: walio vitani waigawe zamu nusu kwa nusu, mmoja aamuru katika nusu ya kwanza, mwenzake katika ya pili, na wasibadilishane mpaka vita viishe. Hakuna mashine iliyowalazimisha. Waliona kwamba zamu ni ahadi kabla ya kuwa kipimo cha muda.

Kitu kingine kinachotendewa zamu ni kucheleweshwa. Muhula uliopita nilicheza bwenini na mwenzangu ambaye jina lake nalihifadhi. Saa yetu ilikuwa ya dakika tatu. Alipokuwa akishinda alimaliza zamu yake kwa nusu dakika. Alipopoteza mji wake wa pili, kila zamu ikawa ya dakika tatu kamili, hata pale ambapo hakuwa na askari wa kusogeza. Zilipita zamu arubaini za namna hiyo. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe: saa mbili za kutazama saa. Katika nchi ambazo mtandao ni kama maji ya bomba, labda hizo ni saa mbili tu. Kwetu sisi tunaonunua bando kwa shilingi za kuhesabu, na umeme wa bweni ukiwa na tabia zake, kunichelewesha ni kunitoa mfukoni. Nilitoka nikiwa ninashinda. Yeye alihesabiwa ushindi.

Waundaji wa michezo si kwamba hawajaliona hili. Katika Worms Armageddon ya mwaka wa 1999, ambamo minyoo hurushiana makombora, kuna wanaojichimbia ardhini na kungoja wengine wauane. Muda uliowekwa ukiisha, maji huanza kupanda, na aliyejichimbia chini kabisa ndiye huzama kwanza. Katika XCOM 2 ya mwaka wa 2016 kazi nyingi ziliwekewa hesabu ya zamu, kwa kuwa toleo la 2012 lilimlipa vizuri mno mchezaji aliyetambaa hatua moja kisha akalala akivizia. Wachezaji walinung'unika. Mimi nasema kulikuwa na haja.

Kati ya ncha hizi mbili kuna eneo la utata ambalo limenisumbua kuliko yote. Mchezaji ameshambuliwa na jirani, hana tumaini tena. Badala ya kupigana hadi mwisho, anampa mtu wa tatu miji yake, dhahabu yake na kila alicho nacho, ili aliyemshinda asifaidi. Kiswahili kina neno la tendo hili, tena neno fupi na kali: inda. Afanyaye inda hatafuti faida yake. Anatafuta hasara ya mwenziwe. Je, ni halali? Wanaosema si halali hudai kwamba mchezaji ana wajibu wa kujaribu kushinda, na asiyeweza kushinda anyamaze. Sikubaliani nao. Diplomacy, mchezo wa ubaoni wa Allan Calhamer ulioanza kuuzwa mwaka wa 1959, umejengwa juu ya vitisho vya namna hii hasa: ukinisaliti, nitahakikisha kwamba hushindi. Lau aliyesalitiwa angenyang'anywa kisasi, usaliti ungekuwa bure, na kila mtu angesaliti. Inda ya aliyesalitiwa ndiyo ukuta wa mapatano.

Tofauti inakuja pale ambapo wawili wamekula njama kabla ya mchezo kuanza, mmoja akikubali kuwa ng'ombe wa maziwa ili rafiki yake ashinde. Huo si uwanja tena. Hapo hakuna inda wala ujanja. Ni ulaghai, kwa kuwa wengine waliketi wakiamini kwamba kila mmoja yu peke yake.

Msomaji atakuwa ameona kwamba nimekuwa nikiyagawa maneno: ujanja, hila, inda, ulaghai. Wapo watakaosema hii ni kazi ya mwanaisimu asiye na kazi. Wasikilize basi wachezaji wetu wakibishana. Utasikia Kiingereza kilichokatwakatwa, Sheng kidogo, na neno moja la lawama linalorudiwa kwa kila kosa, dogo na kubwa. Aliyetekwa walowezi wake mapema analalamika kwa neno lile lile alilolitumia aliyechelewesha saa mbili. (Neno walowezi, kwa njia, Mkenya halitamki bila kukumbuka mashamba yaliyotwaliwa, katika Civilization ndio wanaoanzisha kila mji, na anayewatuma karibu na mpaka wa jirani husifiwa. Hilo nalo lingestahili makala yake.) Watu wasio na majina ya makosa hawawezi kupatana juu ya adhabu. Mabaraza ya bao, kutoka Lamu hadi Unguja, hayana tatizo hili. Mchezo wa kete 64 na mashimo 32 una jina la kila kitu: nyumba, kichwa, kimbi, namua, mtaji, kutakata. Mtu akitenda jambo, linaitwa kwa jina lake na wote wanaelewana, hata wanaobishana.

Isitoshe, michezo hii imetufikia sisi kabla sisi hatujaifikia. Katika Civilization VI ya mwaka wa 2016 Zanzibar ni dola ya mji mmoja, na anayeitia chini ya ulinzi wake hupata karafuu na mdalasini ambazo hazipatikani kwingine ramanini. Kwa hiyo wachezaji wa Marekani, Ujerumani na Uchina hung'ang'ania Zanzibar, hutuma wajumbe, na pengine huiteka ili adui aikose. Mchezo huo umetolewa kwa Kijapani, Kipoland, Kirusi na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo. Karafuu zimeingia; lugha ya wachumaji imebaki gatini.

Sipendekezi tuwaandikie waundaji na kuwalilia. Kinachowezekana kesho asubuhi ni kidogo zaidi: kabla ya mchezo kuanza bwenini, watakaocheza wakubaliane kwa Kiswahili. Piga-utimke inaruhusiwa au hairuhusiwi. Kuunga zamu hakuruhusiwi. Walio vitani wagawane saa. Anayemaliza kuamuru abonyeze, asingoje. Njama za awali zitangazwe. Inda iachwe huru. Sentensi sita, nazo zingetuondolea nusu ya manung'uniko.

Limebaki kosa moja ambalo jina lake halihitaji kutungwa, maana tunalo tangu utotoni: kususa. Mtoto aliyenyimwa nyama husukuma sahani na kuondoka. Mchezaji aliyepoteza mji wake wa kwanza huzima tarakilishi na kuondoka, bila kuaga. Katika Civilization taifa lake halifi. Hutwaliwa na mashine, ambayo hulitawala kwa akili ya chini, na jirani aliye karibu hulimeza kwa zamu chache akawa na nguvu maradufu kuliko wote. Waliobaki, ambao hawakumkosea aliyesusa kwa lolote, wanaurithi mchezo uliopinda. Baadhi ya wahadhiri wetu wamewahi kuniuliza kama kususa ni haki ya mtu mzima kutumia muda wake apendavyo. Ni haki yake, kama ilivyo haki ya abiria kushuka matatu. Ila abiria akishuka haondoki na gurudumu.